Spika ilipotoka kwenye kona

Nilikuwa nafagia sebule huku muziki ukicheza. Spika ya kushoto ilikuwa imesukumwa kwenye kona tangu siku ilipoingia ndani, kwa sababu kona ni mahali ambapo spika haimkwazi mtu. Nikaivuta ili nipitishe ufagio nyuma yake, kisha nikasimama na ufagio mkononi.

Gitaa la besi lilikuwa linapiga nota.

Si kwamba mwanzoni halikuwapo. Lilikuwapo, tena kwa wingi, ila lilikuwa uvumi mmoja tu chini ya kila wimbo, apige nani apigavyo. Sasa mpigaji alikuwa anapanda na kushuka, anateleza kutoka nota moja kwenda nyingine, ananyamaza pale ngoma inapoingia. Wimbo nilioujua kwa miaka ulikuwa na sehemu nzima ambayo sikuwahi kuisikia humu ndani.

Wakati huo nilikuwa nadunduliza fedha za sabufa, ile spika ya besi peke yake. Hata aina yake nilikuwa nimeshaichagua. Hoja yangu ilikuwa moja: spika zangu hazina besi ya kueleweka.

Nikamaliza kufagia, nikaanza kuwaza, na wiki kadhaa zikapita nikiwaza jambo hilohilo.

## Kona inafanya nini

Mlio mwembamba hutoka mbele ya spika na kwenda ulikoelekezwa. Besi haifuati mwelekeo huo. Inazunguka kasha na kusambaa kila upande, nyuma ikiwemo. Ukiweka spika karibu na ukuta, ile besi iliyokwenda nyuma inarudishwa chumbani na kujumlishwa na ile ya mbele. Ukuta mmoja unaweza kuipandisha kwa hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kona ina kuta mbili, na sakafu inafanya kazi ya ukuta wa tatu.

Ingekuwa nyongeza ya bure kama chumba kingeziongeza nota zote kwa kipimo kimoja. Hakifanyi hivyo.

Chukua chumba chenye urefu wa mita 4. Sauti inasafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, lina urefu wa mita 8, mara mbili ya chumba. Likigonga ukuta na kurudi, linaoana na lile linalokuja nyuma yake, na badala ya kufifia linajijenga. Nota ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hezi 41. Inayofuata juu yake inakaribia 44. Nota hizo mbili zinavimba na kuchelewa kunyamaza, zinazofuata zinatoka kwa kiasi chake cha kawaida, na sikio lililokwisha kuzoea mvumo wa zile mbili linaziona nyingine kama hazipo.

Ukitaka kuliamsha wimbi hilo kwa nguvu zote, weka spika kwenye kona.

Kwa hiyo kilichokuwa kinaninyima besi ni besi iliyozidi sehemu moja. Nililielewa hilo kwa akili upesi. Kuliamini kulichukua muda, kwa sababu nilikuwa nimeshaipenda ile sabufa.

## Shaka ya usiku

Kulikuwa na sababu ya kutoamini. Usiku, nyumba ikiwa imelala na sauti ikiwa chini, nilirudisha spika kwenye kona kwa makusudi, na nikaipenda kona.

Nilikaa nayo siku kadhaa nisijue la kusema. Mchana spika nje ya kona ndiyo iliyoshinda bila ubishi. Usiku muziki huohuo, kwenye nafasi hiyohiyo, ulikuwa umekonda, hauna mwili.

Jibu lilikuwa limeandikwa zamani sana. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sikio halisikii masafa yote, yaani milio ya chini na ya juu, kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo inaongezeka kadiri sauti inavyopunguzwa. Besi ndiyo ya kwanza kutoweka. Ndiyo maana amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na kitufe kilichoandikwa «loudness»: kazi yake ni kurudisha besi ukisikiliza kwa sauti ya chini. Kona ilikuwa inanifanyia kazi ya kile kitufe, ingawa kwa fujo, kwa nota chache tu.

Hapo nikaacha kuuliza nafasi ipi ni nzuri. Nikaanza kuuliza nasikiliza saa ngapi, kwa sauti kiasi gani, nikiwa nimekaa wapi. Ni maswali ya kuchosha, na hakuna tangazo la spika linalokuuliza hata moja kati ya hayo.

Mahali pa kukaa penyewe nako kuna mambo. Kochi langu liliegemea ukuta wa nyuma, na ukutani ndiko wimbi lile la hezi 43 linakovimba kuliko kote. Ukikaa katikati kabisa ya chumba, karibu hulisikii. Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, icheze hezi 43 kupitia spika, kisha tembea taratibu kutoka ukuta hadi ukuta. Utaisikia inakufa na kufufuka ukiwa njiani. Mgeni akikukuta unafanya hivyo, mweleze upendavyo.

## Mpwa wangu nyuma ya pazia

Ufagio ulikuwa umenitia mashaka juu ya vitu vingine vyote. Kama kuivuta spika kidogo kunaweza kubadilisha muziki kiasi hiki, yale mabadiliko madogo niliyowahi kuyasikia baada ya kununua kitu yalikuwa ya kweli au yalikuwa furaha ya kununua?

Rafiki yangu alikuwa ameniazima amplifaya ndogo, ya zile zenye chipu ya TPA3116, isiyozidi ukubwa wa kitabu. Watu wanaisifu sana kwa bei yake. Nilipoifunga tu nikasikia sauti imefunguka, milio ya juu imetulia, kila chombo kimepata nafasi yake. Nilikuwa tayari kumshauri kila mtu ainunue.

Kisha nikamwita mpwa wangu.

Kwanza nilisawazisha sauti. Nilicheza toni moja, nikapima volti pale waya unapoingia kwenye spika, nikarekebisha mpaka amplifaya zote mbili zikatoa kipimo kilekile. Hatua hii wengi wanairuka, na ukiiruka jaribio lote halina maana, kwa sababu kinachosikika kwa nguvu kidogo zaidi karibu kila mara kitaonekana bora, hata kama tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba hutambui kuwa sauti imeongezeka. Kisha mpwa wangu akaingia nyuma ya pazia, akawa anahamisha waya au anajifanya kuhamisha.

«Mjomba, hii ipi?»

Mpya, nikasema. Sauti imefunguka.

«Haya. Na hii?»

Kuukuu, bila shaka.

Aliniandikia majibu yote kwenye daftari lake la shule, na tulipoyasahihisha ilionekana nilikuwa nabahatisha tu. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi nilikuwa na mchanganyiko wa aibu na nafuu, na nafuu ilizidi, maana kitu kimoja kilikuwa kimeondoka kwenye orodha ya manunuzi.

Waliobobea wamelipima jambo hili kuliko sisi wawili. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive walichapisha matokeo ya wasikilizaji 40 waliopewa spika nne wazipe alama, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa. Walipoziona, alama zilifuata macho. Hata spika ilipohamishwa sehemu, jambo linalobadilisha sauti kweli, waliokuwa wanaona hawakulitambua vizuri kama waliofichiwa spika. Na hao hawakuwa watu wa kuokota barabarani. Walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika.

Sisemi amplifaya zote ni sawa. Mbovu ipo, na yenye mvumo wa umeme ipo. Iliyozidiwa nayo ni hatari: ukiifungulia kupita uwezo wake inaanza kukata vichwa vya mawimbi, sauti inakwaruza, na twita, ile spika ndogo ya milio ya juu, ndiyo inayoungua. Ila kwa sauti ninayosikiliza mimi, na spika nilizokuwa nazo, hakukuwa na cha kununua hapo.

## Wati

Kwa kuwa nimeigusa amplifaya, niseme na hili halafu nipite.

Kuna redio zenye maandishi makubwa mbele, maelfu ya wati PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, na kibandiko cha nyuma kinasema zinavuta umeme wa wati chache tu. Hakuna mashine itakayotoa kwa wimbo mzima nguvu kuliko ile inayoingia kwenye waya wake. Tafuta wati za RMS, zile zinazotolewa mfululizo. Zisipoandikwa, chukulia kuna kinachofichwa.

Na hata hizo RMS zina hesabu yake. Kutoka wati 20 hadi wati 40 unapata desibeli 3, ongezeko unalolisikia lakini halimshangazi mtu. Ukitaka sikio likuambie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Spika yenyewe inaweza kukupa zaidi. Yenye usikivu wa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja, inafika pale ambapo ile ya desibeli 84 itafika kwa kupewa nguvu mara nne. Namba hii huandikwa kwa herufi ndogo, nyuma, na hakuna anayeitangaza.

## Ambacho ufagio haukukiweza

Hata hivyo kulikuwa na mwisho wa kusogeza.

Spika zangu zilikuwa na wufa (zile spika za besi ndani ya kasha) ndogo za inchi 4, na sauti za waimbaji zilitokea puani. Niliziweka kila mahali: mbele, nyuma, juu ya stuli, zikinitazama, zikitazama pembeni. Besi ilibadilika kila nilipozigusa. Sauti ya mwimbaji ilibaki puani. Kasoro hiyo chumba hakikuileta, na chumba hakingeiondoa. Hapo nikajua fedha zangu zinakwenda wapi.

Ziende kwenye spika zenyewe. Zisiende kwenye sabufa, ambayo ingeniletea besi zaidi chini ya sauti ileile ya puani.

Spika mpya za kiwango nilichokitaka zilikuwa mbali na uwezo wangu. Nilichokimudu ni za mkono wa pili, makasha makubwa ya mbao yenye wufa za inchi 8, ambazo mwenyewe alikuwa anaziuza kwa bei ya kuondoa takataka. Sababu ilionekana ukitoa kitambaa cha mbele: ule mviringo wa sponji unaoishika karatasi ya wufa ulikuwa umeoza, ukiugusa unabomoka kuwa unga. Sponji huoza hata spika ikiwa imekaa tu bila kupigwa. Muda na unyevunyevu vinatosha. Zenye mviringo wa mpira huishi zaidi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikwenda na mita ya umeme, na spika iliyoandikwa omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) ikasoma 6 na ushee, kama inavyotakiwa, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu, ule uliosukwa nyuma ya karatasi. Ingesoma sifuri, au isisome kabisa, ningeaga. Kisha nikaweka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka kitovu cha karatasi, nikaisukuma ndani polepole na kusikiliza. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua. Haikukwaruza. Mwisho nikasogeza sikio kwenye kila twita muziki ukicheza, maana twita iliyokufa haionekani kwa macho, na ukisikiliza kwa mbali wufa inakudanganya kuwa mambo ni mazuri.

Fundi alizitazama akasema koili ziko hai, zilizokufa ni sponji tu. Kama ingekuwa ni kusuka koili upya, alisema, angenishauri nizirudishe. Alibandika mviringo mpya, na kabla gundi haijashika alipiga toni ya chini kwa sauti ndogo ili koili ijikalishe katikati ya sumaku bila kugusa pande zake. Kazi ya mkono mtulivu. Niliitazama yote.

Nilipozifunga nyumbani besi ikawa haipo kabisa, na moyo ukashtuka. Spika moja ilikuwa imegeuzwa nyaya ndani wakati wa kufungua. Karatasi moja ikienda mbele, nyingine inarudi nyuma, na besi zao zinafutana. Kuna njia ya zamani ya kuhakiki: betri ya volti 1.5, chanya kwenye nati nyekundu, gusa kidogo tu, na karatasi ya wufa inapaswa kuruka mbele. Moja iliruka nyuma. Tukageuza nyaya, basi.

Kuhusu waya wa spika, aina yoyote ya shaba halisi inatosha. Waya wa milimita mraba 1.5, spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, una ukinzani wa omu 0.11 kwenda na kurudi. Mbele ya spika ya omu 8 hiyo si kitu. Tahadhari ni moja: waya mwingi wa bei ya chini ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unafanya kazi, ila ununue mnene zaidi.

## Sebule si yangu peke yangu

Tatizo la kutoa spika kwenye kona ni kwamba zinakuja pale watu wanapopita.

Na hata kuzitoa kuna mtego wake. Spika ikiwa mita moja mbele ya ukuta, besi inayokwenda nyuma na kurudi inachelewa nusu ya wimbi kwa masafa ya hezi 86 hivi, na inaifuta ile ya mbele. Unapata shimo pale ambapo ngoma nyingi zina uzito wake. Ukiisogeza karibu zaidi, shimo linapanda juu. Ukiipeleka mbali zaidi, linashuka. Hakuna umbali usio na shimo. Kuna umbali ambao shimo lake halikuudhi, na huo unaupata kwa kusogeza kidogokidogo, huku unasikiliza wimbo unaoujua kwa moyo.

Umbali ulionifaa ulikuwa mbele ya kabati la vyombo.

«Zikae hapo ukisikiliza,» mke wangu akasema. «Ukimaliza zirudi zilikotoka.»

Tukakubaliana. Nilibandika vipande vya utepe sakafuni, viwili kwa kila spika: alama za kusikiliza na alama za kuishi. Za kusikiliza zinafanya pembetatu yenye pande sawa na kochi, ambalo nalo nililisogeza kidogo kutoka ukutani, na twita ziko usawa wa masikio. Za kuishi ziko karibu na ukuta, lakini si kwenye kona tena. Usiku, kwa sauti ya chini, naziacha hapohapo kwenye za kuishi, na ile besi ya ziada ya ukuta inafidia kile ambacho sikio halisikii.

Watu wa majukwaa ya muziki ya mtandaoni watasema huo si usikilizaji wa makini. Wana vyumba vya ziada hao.

## Kijiko cha mwisho

Baada ya hayo yote hezi 43 bado inavuma, ingawa si kama zamani. Chumba hakijabadilisha urefu wake. Nilifikiria kubandika sponji ukutani, zile nyembamba zenye vilima, mpaka nilipokaa na hesabu: robo ya wimbi la hezi 43 ni mita 2. Sponji ya sentimita 3 haiwezi hata kuligusa wimbi hilo. Itakula milio ya juu tu, na chumba kibaki na mvumo uleule ndani ya giza. Pazia zito, zulia na kochi la kitambaa zinafanya kazi hiyo ya juu vya kutosha, na zilikuwapo tayari.

Nilichofanya ni kupunguza. Muziki wangu unatoka kwenye kompyuta, na programu ya Equalizer APO, inayopunguza au kuongeza masafa unayochagua, hailipiwi. Niliikata hezi 43 kwa desibeli 5, kwa upana mdogo, bila kugusa kitu kingine pale chini. Mashimo sikuyajaza. Kujaza shimo la desibeli 6 ni kuidai amplifaya nguvu mara nne kwa ajili ya sauti ambayo chumba kitaifuta tena, na wufa ndiyo inayopata taabu.

Sauti ya mwimbaji sasa inatokea kifuani.

## Na sabufa?

Akiba haikuisha. Spika, mviringo mpya na waya vilikula sehemu yake, na iliyobaki haifiki bei ya sabufa niliyoichagua, lakini iko njiani.

Mpwa wangu anaitaka. Hoja zake ni nzuri kuliko zangu za mwanzo: wufa za inchi 8 zinaishiwa pumzi chini ya hezi 50, na ukiwa na sabufa unaweza kuweka krosova, ule mpaka wa kugawana milio, kwenye hezi 80, wufa zikapumzika na kuimba vizuri zaidi hapo kati. Kweli kabisa. Mimi naogopa kwamba sebule hii ina sehemu moja tu inayoweza kupokea kasha jingine, na sehemu hiyo ni kona.

Tumepatana kuazima kwanza. Rafiki yule wa amplifaya anayo moja. Tutaiweka juu ya kochi, pale ninapokaa mimi, tucheze gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha tutambae kwa magoti kuzunguka chumba, masikio karibu na sakafu. Pale nota zote zitakaposikika sawa ndipo sabufa inapotakiwa kukaa, kwa sababu njia ya sauti kutoka kochi hadi pale ni ileile ya kutoka pale hadi kochi.

Pakiwa popote penye nafasi, nitaendelea kudunduliza. Pakiwa katikati ya mlango wa jikoni, mke wangu ameshatoa jibu lake.